Fahali ya Mama

Shafii ndiye aliyeleta habari. Aliandika kwenye kundi letu la simu, lile la tuliosoma chuo cha ghorofa ya tatu Mtaa wa Sikukuu, kwamba Madam Zuhura amefariki alfajiri, anazikwa baada ya adhuhuri, mbele yake nyuma yetu. Kabla chai yangu haijapoa kundi lilikuwa limejaa. Mmoja aliandika kwamba marehemu alikuwa mama wa wote. Mwingine akaandika kwamba alitufundisha kwa upendo. Kwa upendo! Mtu akifa hapa Bongo hupewa tabia mpya siku hiyohiyo, pamoja na sanda. Na mimi nikaandika Mwenyezi Mungu ampumzishe, maana ndivyo inavyoandikwa, halafu nikazima simu nikabaki na hasira zangu mezani. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilitaka kulia, na sikutaka kumlilia yule mwanamke.

Wiki hiyohiyo mwalimu kijana wa chuo kimoja cha usanifu wa pakiti na mabango alikuwa ameniomba nikazungumze na wanafunzi wake. Alitaka niwaeleze nilichojifunza, nilipokuwa na umri wao, kwa wasanifu wakubwa waliokuwa wakija kutuhutubia. Nilimwambia nitafikiria. Nilichojifunza nakijua neno kwa neno, ila si kitu cha kumwambia mtoto wa watu aliyekaa mbele yako na kalamu mkononi akingoja kutiwa moyo. Siku hizi naongea sana, hata wafanyakazi wangu wanalalamika, lakini mwaka ule wa chuo sijawahi kuuzungumzia mbele ya watu. Kuuandika naona ni nafuu.

Chuo kilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la jumla la mapazia, pale Kariakoo. Mwenye chuo aliitwa Mwalimu Temu, mtu wa Moshi, ambaye ndugu zake wote walikuwa wafanyabiashara na yeye peke yake ndiye aliyeamini kwamba picha nazo zinauzika. Ukumbi na ofisi yake vilitenganishwa na ubao mwembamba, hivyo tulijua ugomvi wake wote wa kodi na umeme. Chini barabarani machinga mmoja alikuwa na spika iliyorudia maneno yaleyale kutwa nzima, njoo uchague, njoo uchague, mpaka ukilala usiku unayaota. Mchana tulikula wali maharage kwenye ngazi, sahani mapajani, tukibana miguu ili wabeba marobota wapite. Lakini Jumamosi kulikuwa na vitumbua na chai ya maziwa, kwa sababu Jumamosi ilikuwa siku ya mgeni. Mwalimu Temu alimwalika msanifu anayefanya kazi, aje azungumze, na mgeni akishakula kitumbua kimoja kwa heshima, vilivyobaki vilikuwa vyetu. Wageni wengi walikuwa watu wazuri. Walituonyesha kazi zao ukutani, wakatuambia tusikate tamaa, wakanywa soda, wakaondoka. Tuliwapigia makofi na leo siwezi kukumbuka hata sentensi moja ya mmoja wao.

Madam Zuhura hakuja na picha. Alikuja na kipande cha dirisha la nondo amekifunga kwenye kitenge, akakiegemeza ukutani, akakaa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa abaya nyeusi, mtoto wa familia ya Kiarabu ya maduka ya vitambaa, mwenye ofisi yake Upanga, na pakiti nyingi tulizokuwa tunazitumia nyumbani zilitoka mkononi mwake. Sauti yake ilikuwa ndogo. Spika ya chini ikimzidi, alinyamaza na kuingoja, hakushindana nayo, na sisi ukumbini tukawa tunajikuta tunashika pumzi. Kijana mmoja wa mbele akamuuliza anatumia programu gani. Madam akamtazama.

"Ukienda kwa mpishi, unamuuliza sufuria?"

"Hapana, Madam."

"Basi kaa. Umejaza kiti bure."

Kisha akachukua kazi iliyokuwa ukutani, boksi la juisi alilolichora dada mmoja kwa wiki mbili, akasimamisha nondo zake mbele yake, akaturudisha sote mpaka ukuta wa nyuma. Duka la Mangi, la rejareja mtaani, lina nondo, alisema. Mteja hashiki bidhaa, anaiangalia kwa nje, jua limempiga, mtoto anamvuta nguo. Mnaona nini? Tuliona vipande vipande vya rangi. Yule dada akafungua mdomo aeleze, na Madam akainua kidole bila kumgeukia. Kazi yako ikipanda ukutani, mdomo wako umefungwa. Dukani hutakuwepo. Hakuna mtu atakayekuuliza ulimaanisha nini. Halafu akatuuliza sisi wengine hii ni dawa ya mende au ya panya, na tukacheka, na yule dada akatoa boksi lake ukutani na hatukumwona tena chuoni. Kupitia ubao tulimsikia Mwalimu Temu akisema, kwa sauti ya mtu anayejibembeleza mwenyewe, kwamba Madam anatukomaza.

Tangu siku hiyo Jumamosi zake tuliziita machinjioni. Alikuja mara kadhaa mwaka ule, na kila mara aliondoka na kichwa cha mtu. Nisiseme uongo, mimi nilikuwa naisubiri kwa hamu. Wageni wengine walitupenda bila kutuangalia, yeye alituangalia bila kutupenda, na nilikuwa katika umri wa kudhani kuangaliwa ndiyo bora. Kila alichokisema kuhusu kazi kilikuwa kweli. Nikitoka pale nilipita madukani nikisimama mbali na nondo, nikikunja macho, nikiona ni pakiti ipi inaita na ipi imelala. Na kulikuwa na jambo jingine. Madam alikuwa ametangaza kwamba mwisho wa mwaka atachukua mwanafunzi mmoja ofisini kwake. Mimi nisipochukuliwa nilijua ninakorudi, kwenye meza ya mitumba ya shangazi pale Mchikichini, kupiga pasi kola za mashati ya watu nisiowajua na kuzikunja zionekane mpya. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo kabla ya chuo. Nilikuwa naichukia kuliko njaa. Siku moja nikiwa naosha vikombe vya chai nikamsikia Madam akisema nyuma ya ubao, "Yule Mkurya ana jicho." Mwalimu Temu akamjibu kitu ambacho spika ilikimeza, halafu nikasikia Madam anacheka, "Ulimi tutaufanyaje sasa?" Nililichukua lile neno jicho nikaenda nalo nyumbani, ulimi nikauacha palepale kwenye beseni.

Jina langu ni Ghati, na mtu akilisikia tu tayari anangoja burudani. Sisi watu wa Tarime ulimi wetu unapenda r, na panapotakiwa l tunapita na r yetu bila kupiga hodi. Shafii, ambaye alizaliwa na kukulia palepale Kariakoo na alikuwa na sauti ya mtangazaji, hakunisalimia kwa kitu kingine mwaka mzima. "Ghati, mambo? Umekura? Umerara?" Darasa zima linacheka, hana ubaya, ni utani. Nikaamua kujirekebisha. Kila r iliyonijia mdomoni niliishuku, nikaigeuza l kabla haijatoka. Matokeo yake nikawa nasema sukali na balabala, na watu wakazidi kucheka, na mimi nikawa sijui tena cheko linatokea upande gani. Mwisho nikawa naongea kidogo sana. Kwenye karatasi nilidhani niko salama, kwa sababu pale nina muda wa kufikiri. Kumbe kufikiri ndiko kulikoniangusha.

Kazi ya mwisho alitupangia Madam mwenyewe: pakiti ya sabuni ya unga, jina tubuni wenyewe. Niliifanya kama mtu anayechimba kisima. Nikachagua bluu nzito, nikaweka shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, na mwanamke anayelitazama akiwa ameshika kiuno, ameridhika. Jina nililolitaka ni fahari, kwa sababu nguo nyeupe kwenye kamba, majirani wanaiona, ndiyo fahari ya mama wa nyumba. Nikaliandika, nikalitazama. Ile r katikati ikaniangalia kwa jeuri. Nikajiambia hii ndiyo r yenu, hii ndiyo wanayokucheka. Nikaifuta nikaweka l. Herufi nikazikuza mpaka nondo zisiweze kuzikata, nyeupe juu ya bluu, na chini yake kwa herufi ndogo nikamalizia, ya mama. Nikaipeleka ukutani nikiwa na hakika kwamba nimeshinda.

Jumamosi ile ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Kazi zilitundikwa bila majina. Madam akapitisha nondo zake mbele ya moja baada ya nyingine, na zote zikakatika vipande, na akasema maneno yake, na watu wakafa mmoja mmoja. Alipofika kwenye yangu akasimama. Akarudi nyuma mpaka ukutani, akavua miwani, akaivaa. Ilikuwa inasomeka. Hiyo ndiyo balaa yenyewe, katika ukumbi ule mzima hakuna kilichosomeka vizuri kama kosa langu. Akamwita Shafii asome. Shafii akatoa sauti yake ya redio, "Fahali," akasita, "ya mama."

Ukumbi ukapasuka. Mtu wa nyuma akalia kama ng'ombe. Wengine wakashikana mabega. Mwalimu Temu alitazama viatu vyake, na mabega yake nayo yalikuwa yanacheza. Madam aliwangoja watulie, kama alivyokuwa anaingoja spika, kisha akauliza taratibu, "Na baba yuko wapi, ikiwa mama amejifugia dume?" Wakaanza upya. "Na kwa sarufi tungesema fahali *wa* mama. Ya nani hii?" Nikasimama. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na ruhusa ya kueleza, kanuni ni kanuni. Nilitaka kupiga kelele kwamba nalijua neno, nalijua tangu utoto, nimelibadilisha kwa sababu yenu.

"Soma mwenyewe," akasema.

Nikasoma. Ulimi wangu, kwa kuwa siku hiyo sikuwa na nguvu ya kuulinda, ukarudi kwao. "Fahari ya mama," nikasema, sawasawa kabisa, mbele ya karatasi iliyoandikwa vingine.

Waliocheka mara hii walikuwa wachache, wengine hawakuelewa. Madam hakucheka. Alinitazama kwa muda, midomo yake ikitembea bila sauti, mara l, mara r. Nilidhani ni huruma. Halafu akaniambia nikae, akafunga nondo zake kwenye kitenge, na akamchagua Shafii. Kuhusu mimi alisema sentensi moja, akiwa ameshaelekea mlangoni, na aliisema kwa Kiswahili cha mtaani ambacho kwa kawaida hakukitumia. "Watu wa dizaini yako, binti, hawakai meza moja na mteja." Vijana walilipenda sana hilo neno. Kwa siku nyingi nikipita ngazini nilisikia dizaini yako, dizaini yako.

Nikarudi Mchikichini. Shangazi hakunisema, alinikabidhi pasi tu. Nilikuwa nimekunja mashati kwa miezi kadhaa nilipotumwa sabuni dukani kwa Mangi wa kona, nikasimama nje ya nondo kwa mazoea yale yale, mbali kidogo, macho nimekunja. Katikati ya rafu nikaona bluu nzito. Juu yake herufi nyeupe, kubwa, zile zile, FAHALI. Mwanamke hakuwepo. Mahali pake palikuwa na dume la ng'ombe limesimama kwa maringo, na shuka jeupe limening'inia kwenye pembe zake. Lilikuwa limechorwa vizuri mno. Nikiwa bado nimeganda, mama mmoja akafika mbele yangu, "Mangi, nipe fahari moja." Mangi akanyoosha mkono bila kutazama akampa. Nyuma yake mpakiaji mmoja, "Fahali mbili, Mangi." Akapewa sabuni ileile. Nikanunua ya kwangu, nikaacha meza ya shangazi wazi, nikaenda Upanga nikiwa na pakiti mkononi na harufu ya mkaa wa pasi nguoni.

Ofisi ilikuwa chini ya jengo la makazi, chumba kirefu chenye harufu ya udi, na juu ya meza palikuwa na birika la kahawa na sahani ya tende. Shafii ndiye aliyefungua mlango. Akaiona pakiti, akaniona mimi, akarudi kwenye kiti chake bila kunitania.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Umekuja kulia au kupiga kelele?"

"Hii ni yangu."

"Ipi? Ng'ombe umemchora wewe?"

"Jina ni rangu." Nikajisikia. Nikarudia, "Ni langu."

Akamimina kahawa, hakunikaribisha. "Wewe ulitaka kuandika fahali?"

"Hapana. Nilitaka fahari."

"Basi kosa ni lako, sikunyang'anyi. Kilichoko dukani si kosa. Wewe uliandika usichokitaka, mimi nimeandika ninachokitaka. Ndiyo kazi tunayofanya hapa." Akachukua tende, akaichambua kokwa. "Siku ile uliandika l ukasoma r. Nikajiuliza, watu wa hivi nchi hii wako wangapi? Wanafika dukani wanaona haya, wanaishia kunyoosha kidole. Hili jina ukilikosea umelipatia. Halimrudishi mtu."

Ilikuwa kweli. Hilo ndilo ambalo sijaweza kumsamehe, kwamba nilisimama pale nikiwa nimeibiwa na nikaona jinsi lilivyo zuri. Hakuna mzungumzaji aliyewahi kunipa somo kubwa kuliko hilo, na alinipa huku anatafuna. Nikienda kwa wale wanafunzi labda nitawaambia hivi tu: mgeni akija kuzungumza nanyi, msikilizeni, andikeni, lakini akishamaliza mwangalieni anaondoka na nini.

"Shafii anaongea vizuri," akasema Madam, na Shafii alikuwa hatua chache kutoka hapo, "jicho hana. Kuna meza pale dirishani. Njoo Jumatatu. Ila mteja akiingia humu, mdomo wako umefungwa. Hata neno moja. Sitaki kuchekwa ofisini kwangu."

Vijana ninaowasimulia kidogo kidogo huniambia wao wangemtupia ile pakiti usoni. Nawaamini. Mimi niliitazama ile meza, na mwanga wake, na karatasi nyeupe zilizopangwa pembeni, nikakumbuka kola za mashati. Nikasema, "Ndiyo, Madam."

Siku chache baadaye mwenye sabuni akaja, Mzee Mosha, mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo, mtu mzima mwenye kofia ya pama na furaha ya mauzo mazuri. Akapita mezani kwangu kwanza, akasimama, akangoja. Mtoto aliyelelewa humwamkia mzee kabla hajafika. Neno lenyewe shikamoo halina r wala halina l, ningelisema salama salimini, hata Madam asingepata cha kucheka. Nikamtazama Madam. Alikuwa ananitazama. Nikanyamaza. Uso wa mzee ukabadilika, akamgeukia mwenye ofisi. "Vijana wa siku hizi hamuwafundishi hata salamu?"

"Msamehe, Mzee Mosha," akasema Madam. "Huyu haongei."

"Lo! Ni bubu?"

Madam akapandisha mabega kwa huzuni. Mzee alivua kofia. Akanisogelea, akanishika bega, na akaanza kuongea kwa sauti kubwa, neno moja moja, akitumia na mikono ili nielewe. Kwamba yeye ndiye mwenye sabuni ile. Kwamba jina lile, akaonyesha juu, Mungu alimshushia Madam. Kwamba hata mimi, pamoja na hali yangu, nisikate tamaa. Shafii alikuwa ameinama mezani kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Kisha mzee akafungua mfuko wake, akatoa pakiti ya bluu, akasugua viganja hewani kunionyesha kwamba ni ya kufulia, akanipa. Niliipokea kwa mikono miwili. Nikakunja goti, nikaweka kiganja kifuani, nikainamisha kichwa. Mzee Mosha alifurahi sana, akamwambia Madam kwamba mabubu wana adabu kuliko wanaoongea, na Madam akamwambia ni kweli.